Gari la Wazazi Lisilo na Joto

Mratibu wa mradi aliichomoa fyuzi ya hita kwa mkono wake mwenyewe, uani pa ofisi pale Kibiti, sisi wafanyakazi tukiwa tumesimama tunamtazama. Aliinama chini ya usukani, akaibana kwa koleo ndogo, akaitoa na kuiinua juu kama mtu aliyeng'oa jino.

"Hii ndiyo inayotumalizia chaji," alisema. "Kuanzia leo hakuna hita. Hapa ni Pwani, siyo Ulaya. Nani anasikia baridi hapa?" Akaitia fyuzi mfukoni.

Ilikuwa asubuhi ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma. Mlinzi wetu alivaa koti zito na kofia ya sufu iliyomfunika masikio, naye alicheka kwa adabu pamoja na wengine. Mimi sikucheka. Dereva nilikuwa mimi, na nilijua ni akina nani wanaopanda lile gari.

Lilikuwa gari dogo la umeme, limetumika Japani miaka kadhaa kabla ya kuletwa kwetu. Kila nilipoliwasha, sauti ya msichana ilinisalimu kwa Kijapani, na vitufe vyake vilikuwa na maandishi ambayo hapakuwa na mtu kati yetu aliyeweza kuyasoma. Ubavuni walikuwa wameliandika kwa rangi ya kijani, GARI LA WAZAZI. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wajawazito waliopewa rufaa kutoka zahanati za vijijini, na kuwarudisha makwao waliokwisha kujifungua. Nilikwenda Mtunda, nilikwenda Mtawanya, na mara nyingine nilivuka mto hadi Mbwara.

Siku ya semina ya kulipokea, mtaalamu aliyekuja na picha zake za ukutani alikuwa na sehemu nzima juu ya kuendesha wakati wa baridi. Mratibu alimwambia, "Hiyo tuiruke, mtaalamu, utawachekesha watu." Ikarukwa. Tukaenda kwenye sehemu ya jua kali, ambako tulielezwa kwa kirefu jinsi ya kuegesha kivulini.

Niseme kwa haki. Baridi yetu si ya barafu, na betri yenyewe haikudhurika nayo sana. Kilichokuwa kinakula chaji wakati wa masika ni mambo mengine. Tope linashika magurudumu. Taa zinawaka mchana kutwa, waipa za kufutia kioo hazipumziki. Halafu hita. Gari la petroli lina moto tumboni, joto lake ni la bure, linatoka tu kama mvuke wa chungu. Gari la umeme halina moto huo. Kila joto unalotaka, unalichota kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu, na hewa ya gari zima ikitaka kupashwa, unaona kipimo kinavyoshuka. Kwa hiyo mratibu alikuwa ameshika jambo la kweli, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Alishika jambo la kweli akaenda kuwabana nalo wasiostahili. Alipopanda yeye, kiyoyozi kilivuma hadi miguu yangu ikafa ganzi, na hakuna fyuzi iliyochomolewa.

Njia za kubana chaji zilikuwepo, na nilijifunza moja moja barabarani, bila msaada wa yeyote. Unalipasha gari joto likiwa bado kwenye waya wa umeme, ili ukiondoka uondoke na joto la ukutani, si la betri. Unaondoka taratibu. Unaachia pedali mapema kabla ya kilima kuisha, unaliacha literemke lenyewe, nalo linarudisha kidogo kwenye betri. Unajaza upepo matairi. Mambo hayo yote, nadhani, yalikuwa kwenye ile sehemu iliyorukwa.

Lakini kuna jambo ambalo mtaalamu wa mahali pengine asingelijua, na mratibu alilijua vizuri kwa sababu mama yake naye alizaa. Kwetu mwanamke akijifungua hakutani na baridi. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, madirisha yanafungwa, jiko linawekwa chini ya kitanda cha kamba, na haonekani nje mpaka arobaini iishe. Unaweza kubishana na jiko chini ya kitanda, manesi wanalikataza na wana sababu zao. Lakini hakuna mtu wa Rufiji, awe Mndengereko wa bondeni au Mmatumbi wa vilimani kama wazee wangu, atakayekubali mzazi apigwe na upepo wa asubuhi. Na sisi tulikuwa na gari lililoandikwa jina la wazazi, halina joto.

Basi siku moja, masika hayohayo, nilikuwa nimelala Mbwara kwa mwenyeji wangu. Siku iliyotangulia nilipeleka chanjo kwenye zahanati, jioni nikachomeka gari kwenye soketi ya nyumba ya nesi. Alfajiri niliamka nikakuta umeme umekatika zamani, na betri imejaa nusu tu. Mvua nyembamba ilikuwa inaanguka, ile isiyokuwa na kelele. Nikawa naangalia kipimo, napiga hesabu ya njia ya kurudi, nesi akatoka zahanati anatembea haraka.

Alikuwa mwanamke mnene, mzaliwa wa Songea, mcheshi, ambaye kila siku ya mvua alitudhihaki sisi wa Pwani tukivaa sweta. Asubuhi hiyo hakuwa na dhihaka.

"Dereva, una chaji?"

"Nusu."

"Nusu inafika Kibiti?"

"Nikienda peke yangu, polepole, inafika."

"Huendi peke yako," alisema. "Kuna binti amejifungua sasa hivi. Mtoto ni njiti, kazaliwa kabla ya siku zake. Anapumua vizuri, lakini hapa sina cha kumpashia joto na umeme wenyewe ndiyo huo. Gari la wagonjwa nimelipigia, liko safari nyingine. Chumba cha watoto njiti kiko Kibiti. Afike, na afike na joto. Akipoa njiani, hata tukifika tumechelewa."

Niliuliza akipoa maana yake nini. Alinitazama akaona sijui kweli. Akaniambia mtoto wa namna ile hana mafuta mwilini, joto linamtoka kama maji kwenye kikapu, na akishapoa anaacha kunyonya, kisha anaacha kupumua. "Baridi yenu hii tunayoicheka," alisema, "kwake ni barafu."

Bibi wa mtoto, mama mzazi wa yule binti, alikuwa mlangoni pa zahanati. Mwembamba, mrefu, kanga moja kichwani na nyingine mabegani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hilo gari lako lina moto?"

"Halina, bibi. Ulikuwepo, wameutoa."

"Wameutoa wakaupeleka wapi?"

"Mfukoni."

Alinitazama kwanza kuona kama namfanyia mzaha. Alipoona simfanyii, akageuka kwa nesi. "Watu wazima hawa," alisema. "Wana ndevu."

Kulikuwa na joto moja ambalo mratibu hakulichomoa kwa sababu hakulijua. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitufe chenye mchoro wa kiti na mistari mitatu ya kupindapinda. Nilikigusa kwa bahati siku moja nikiwa njiani kutoka Mtunda, na baada ya muda nikahisi joto makalioni, nikasimamisha gari kando nikashuka kujikagua nguo. Ni kiti chenyewe kilichokuwa kinapata moto. Kinatumia chaji kidogo sana, maana kinampasha mtu na si hewa ya gari zima. Lakini ni viti viwili vya mbele tu. Cha nyuma ni kitambaa kitupu.

Nilimweleza nesi. Hakupoteza muda. "Basi mzazi akae mbele."

"Hakai," alisema bibi.

"Bibi, nyuma hakuna moto."

"Mbele wanakaa mabwana. Huyu hajamaliza hata asubuhi moja tangu azae, mnataka kumweka kwenye kioo atazamwe na kila mpita njia kama nguo ya dukani. Kutoka hapa mpaka Kibiti, vijiji vyote vile. Atabaki na nini cha kuficha?"

Sikuona ujinga katika maneno hayo na mpaka leo sioni. Mzazi wa kwetu analindwa dhidi ya macho ya watu kama anavyolindwa dhidi ya baridi. Alikuwa anaombwa achague kimoja aache kingine, na aliyemfikisha hapo ni mtu mwenye koleo. Nilisikia hasira inanipanda hadi kwenye masikio, lakini asubuhi ile haikuwa na nafasi ya hasira.

Nesi alikitazama kile kiti, mikono kiunoni. Kisha akaniuliza, "Kiti hicho kinalala?"

Kilikuwa kinalala. Nilivuta mkono wa chini, mgongo wa kiti ukaenda nyuma karibu ufike kiti cha nyuma. Mtu akilala pale, aliye nje haoni ila paa la gari. Bibi aliinama, akatia kichwa, akakitazama kiti kutoka upande wa dirisha. Akaniamuru nikalale mimi kwanza. Nikalala. Akatoka, akatembea hadi barabarani kwenye mvua, akapita mbele ya gari, akarudi.

"Umeonekana pua," alisema. "Yeye pua yake ndogo. Sawa."

Tukamtoa yule binti. Nesi alikuwa amemfunga mtoto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, kati ya matiti, kofia ndogo kichwani na soksi miguuni, kisha kitambaa, kisha kanga, kisha blanketi juu yao wote wawili. Mtoto sikumwona. Niliona tu jinsi blanketi lilivyopanda na kushuka. Bibi alikuwa amechemsha maji kwenye kuni nyuma ya zahanati, akayajaza kwenye vidumu vya mafuta ya kula, akavizungushia kanga kuukuu. Nesi alikataa visikaribie mtoto, vinaweza kumchoma. Vikawekwa miguuni kwa mzazi na ubavuni nje ya blanketi. Nesi na bibi wakaketi nyuma, wamebanana upande wangu kwa sababu upande wa pili umechukuliwa na kiti kilicholala, na nesi akaweka mkono wake ndani ya blanketi kwenye mguu wa mtoto. Hakuutoa mkono huo mpaka mwisho wa safari.

Nilibonyeza kile kitufe. Msichana wa Kijapani akatusalimu. "Anasemaje?" aliuliza bibi. Nikamwambia sijui. "Mwambie tuna haraka."

Lakini haraka ndiyo kitu ambacho hatukuweza kuwa nacho. Barabara ya kutoka Mbwara ilikuwa uji. Nilikwenda kama mtu anayebeba sinia la vikombe. Kila gurudumu lilipotaka kuzunguka bure niliachia, nikasubiri, nikaanza tena. Vioo vilikuwa vimefungwa vyote kwa amri ya bibi, na pumzi za watu wanne na mtoto na mvuke wa vidumu vikageuza kioo cha mbele kuwa maziwa. Gari lenye hita linakausha kioo chake. Kiyoyozi kingekikausha pia, lakini kingetupulizia baridi. Nesi alikuwa ananyoosha mkono wake wa pili kutoka nyuma na kunifutia kwa kitambaa, nami naona njia kwa muda, kisha inapotea.

"Bibi, nashusha kioo changu upana wa kidole," nilisema. "Nisipoona tutaingia mtaroni."

"Kidole kipi?"

"Cha mwisho."

Alifikiri. Akavua kanga ya mabegani, akaitandaza kati ya kiti changu na cha mwanawe kama pazia, akaishika hivyo kwa mikono miwili, yeye mwenyewe akabaki mabega wazi. Upepo ulioingia ulimpiga yeye. Nilishusha kioo. Kioo cha mbele kikaanza kusafika kutoka pembeni.

Tulipofika barabara kuu ya lami, gari lilitulia na sauti ikaisha kabisa, kwa sababu gari hilo halina mngurumo. Ukimya ule ulimfanya bibi aanze kuzungumza. Nadhani aliogopa kumsikiliza mtoto.

"Bibi yangu mimi alizaliwa pangoni," alisema. "Huko vilimani, Umatumbi. Wakati wa Maji Maji."

"Wazee wangu wanatoka huko," nilisema.

"Basi umesikia. Askari walikuwa wanachoma vyakula, watu wamekimbilia mapangoni. Mama yake akashikwa na uchungu siku zake bado. Kazaliwa mtoto kama kiganja. Na moto hauwashwi. Ukiwasha, moshi unatoka kwenye mdomo wa pango, askari wanaona. Baridi ya ndani ya jiwe, na nje masika."

"Wakafanyaje?" aliuliza nesi.

"Walikuwepo wanawake. Mama yake, shangazi zake, mke mwenzake. Wakampokezana. Huyu akichoka kulala chali, anamchukua huyu, kifua kwa kifua, wanaume wamepangwa mlangoni kuzuia upepo kwa migongo yao. Mpaka akakua. Yeye ndiye aliyenilea." Alisogeza kanga pale ilipoanza kulegea. "Sasa wao hawakuwa na moto kwa sababu kulikuwa na vita. Sisi leo tuna vita na nani?"

Tulikuwa tunavuka daraja la Rufiji, maji chini yamejaa, rangi ya chai ya maziwa, na upepo wa mtoni ukalisukuma gari pembeni. Nilikaza usukani. Kipimo cha chaji kilikuwa kimeshuka kuliko nilivyotaka, lile tope la Mbwara lilikuwa limechukua haki yake na ya wengine.

Simu yangu ililia tulipokuwa tunaikaribia Ikwiriri. Nesi aliichukua, akaiweka kwenye spika, akainyanyua karibu na sikio langu. Alikuwa mratibu.

"Uko wapi? Wageni, wale wafadhili, wameshafika, wanataka kuliona gari."

Nilimweleza nina nani ndani.

"Vizuri sana," alisema, na sauti yake ilifurahi kweli, jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. "Chaji ikoje? Hujawasha kitu?"

"Hita fyuzi yake unayo wewe, bosi."

"Najua. Nauliza vingine."

"Kiti cha mzazi kina moto. Na tuna vidumu vya maji ya moto."

Alicheka. "Maji. Nyie watu wa huku na maji yenu bwana. Yaliwaangusha babu zenu kwenye risasi, na nyie bado mnayo tu. Zima hicho kiti, fika hapa na gari linalotembea."

Nesi alikuwa ameduwaa na simu mkononi. Kwao Songea napo wanazo habari za vita hivyo na za walionyongwa baada yake. Bibi aliinama mbele kutoka nyuma ya pazia lake mpaka mdomo ukakaribia simu.

"Mwambie haya yamechemshwa," alisema.

Nesi akakata simu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kimya kilichomtikisa mabega, na yule binti kwenye kiti, ambaye hakuwa amesema neno tangu Mbwara, akasema, "Msimtingishe." Nesi akajizuia. Kiti sikukizima.

Nina mengi ya kusema juu ya maneno yale ya mratibu, na nimeyasema mara nyingi peke yangu barabarani. Watu wa vilima vile walipigana na dola yenye bunduki za mfululizo, walikufa kwa risasi na zaidi wakafa kwa njaa waliyotengenezewa, na waliobaki ndio waliotuzaa. Kuna watu wanaokumbuka katika habari yote hiyo kitu kimoja tu, yale maji, kwa sababu kinawapa nafasi ya kucheka. Na anayecheka yuko ofisini, shati limepigwa pasi, joto la mzazi limo mfukoni mwake.

Baada ya Ikwiriri niliendesha kwa namna ambayo sijaendesha tena. Malori yalinipita yananirushia maji na honi. Nilizima redio, nilizima kila taa isiyo ya lazima mvua ilipokatika kwa muda, niliachia pedali kwenye kila mteremko hata ule ambao macho hayauoni ila gari linauhisi. Kila baada ya muda nesi alisema neno moja, "Moto," maana yake mguu wa mtoto bado una joto, nami naendelea. Mara moja akasema, "Vuguvugu." Bibi akaiachia kanga kwa muda, akavibadilisha vidumu, vilivyokuwa bado na moto akavileta karibu na mbavu za mwanawe, na akaanza kumsugua mwanawe mikono. Tukaenda hivyo. Kisha nesi akasema, "Moto."

Karibu na Kibiti, kwenye dashibodi kukatokea mchoro wa njano wa kobe.

"Huyo kobe anafanya nini humo?" aliuliza bibi.

"Anasema tutaanza kwenda kama yeye."

"Kobe anafika," alisema. "Mwache akae."

Gari likapoteza nguvu. Nilikanyaga pedali hadi chini na mwendo haukuzidi wa mtu anayewahi sokoni. Baiskeli ya mkaa ilitupita, mwenye baiskeli akageuka kututazama. Nilikwenda kando ya barabara, taa za dharura nimezima, naomba tu pasitokee sababu ya kusimama. Gari la namna ile likifika hapo na ukalisimamisha, huna hakika kama litaondoka tena.

Ndivyo tulivyoingia geti la hospitali, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sauti ya mratibu ilifurahi. Alikuwa amewahamisha wageni kutoka ofisini. Walisimama kwenye uwanja wa lango, na miavuli, mmoja ana kamera shingoni. Mratibu alitoka mbele yao, akanipungia mkono nisimame.

Sikusimama. Wodi ya wazazi ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Nilimpita, naye akageuka, akawa anatembea sambamba na dirisha langu, bila hata kuharakisha, maana mwendo wetu ulikuwa mmoja.

"Simama," alisema kwenye ule upana wa kidole. "Picha moja tu. Mzazi, mtoto, gari."

"Likisimama haliondoki."

"Tutalisukuma. Simama, wageni wametoka mbali."

"Mtoto ametoka mbali zaidi," alisema nesi kutoka nyuma.

"Nesi, wewe usiingilie. Dakika moja. Ashushe kioo amtoe mtoto aonekane, basi."

Bibi aliachia pembe moja ya pazia lake, akamtazama kupitia kioo. Mvua ilikuwa imemlowesha mratibu nywele. "Baba," alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "wewe mama yako alikuzalia barabarani?"

Mratibu aligonga kioo kwa kiganja. Mimi nilikuwa natazama mlango wa wodi na kobe, mlango na kobe. Alitembea nasi hivyo uwanja mzima, anagonga, anazungumza, mara anageuka kuwatabasamia wageni, mara anarudi kwangu na uso mwingine. Wagonjwa waliokaa barazani walisimama kututazama. Nikapanda kijimwinuko cha baraza kwa nguvu ya mwisho, na gari likafa gurudumu moja likiwa juu ya saruji, mlango wa mzazi ukiwa sawasawa na mlango wa wodi. Hata kama ningepanga nisingeweza kupaki vile.

Manesi wa wodi walikuwa wanasubiri, yule wa Mbwara alikuwa amewapigia. Walimtoa binti na mtoto kama walivyo, pamoja na blanketi, bibi akitembea upande wa upepo. Nilifuata hadi kizingitini. Waliweka kipimajoto kwapani kwa mtoto, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza, uso mdogo wenye hasira, kofia imemshukia nyusi. Nesi wa wodi alisubiri, akakichukua kipimo, akakisoma.

"Joto lake lipo," alisema. "Mmemleta na nini?"

Nesi wa Mbwara alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Mkono wake uliokuwa kwenye mguu wa mtoto njia nzima ulikuwa umekakamaa, akawa anaukunjua kwa mkono wa pili, kidole kimoja kimoja.

Nje, mratibu alikuwa anawaeleza wageni, nilimsikia nilipotoka, kwamba gari limetoka ng'ambo ya mto kwa nusu ya betri kwa sababu mradi ulikuwa na hekima ya kuondoa matumizi yasiyo ya lazima mapema. Mgeni mwenye kamera alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilisimama mbele yao wote nikasema mtoto yule ameokolewa na kifua cha mama yake, kiti ambacho bosi aliniamuru nikizime, na vidumu vya mafuta ya kula vyenye maji ya moto ambayo bosi aliyacheka. Nilisema na maneno aliyotumia kuyacheka. Nilisema polepole ili anayewafasiria wageni asiache kitu. Mfasiri alimtazama mratibu, kisha akafasiri.

Kazi yangu iliisha wiki hiyohiyo. Nilielezwa kwamba nimekaidi mbele ya wageni, na hilo lilikuwa kweli.

Mtoto alikaa hospitalini hadi masika yalipokwisha na kipupwe kikaingia, kifuani kwa mama yake, na mama akichoka, kifuani kwa bibi. Siku waliyoruhusiwa, bibi alikuja kunitafuta nyumbani kwangu ili niwarudishe Mbwara. Nilimwambia sina gari tena. Akatazama chini, akasema, "Kwa ajili yetu." Nikamwambia si kwa ajili yao.

Nikawasindikiza hadi stendi, wakapanda basi la kwenda kusini. Kioo cha dirisha lao kilikuwa kimevunjika na kuzibwa kwa karatasi ngumu iliyoanza kuchanika. Bibi alimtanguliza mwanawe upande wa ndani, akampa mtoto, akamfunika. Kisha yeye akaketi dirishani, akaegemeza mgongo kwenye ile karatasi.